Umegongwa, unaambiwa "na wewe ulikuwa na kosa": usisaini kitu kabla ya kusoma uzi huu (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mzawa wa Igogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Nyamagana, na kuna karatasi moja nimechoka kuletewa. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mistari, juu pameandikwa MAKUBALIANO kwa herufi kubwa. Katikati inasema mgonjwa amepokea laki mbili, au tatu, "kwa ajili ya matibabu", na kwamba "hatakuwa na madai mengine yoyote". Chini kuna dole gumba la wino wa zambarau. Mwenye dole hilo bado ana vyuma mguuni na daktari hajasema atatembea lini.

Ukimuuliza kwa nini alikubali, jibu ni lile lile: "Waliniambia hata mimi nilikuwa na kosa, kwa hiyo kesi ningeshindwa."

Jibu hilo linanikera kwa sababu si kweli. Kwa sheria ya Tanzania, ukichangia ajali kwa uzembe wako, fidia inapunguzwa kulingana na mchango wako. Haifutwi. Sheria yenyewe ipo, Sura ya 310, ile inayohusu ajali zinazosababisha vifo na mambo mengine yanayoambatana. Mahakama inaangalia nani alikosea kiasi gani, inagawa. Tuseme madhara yako yamethaminiwa shilingi milioni 20 na hakimu akaona robo ya lawama ni yako, unapata milioni 15. Sasa linganisha hiyo na laki tatu za kwenye daftari.

Nitoe mfano mmoja, nimebadilisha vitu vidogo mhusika asitambulike. Mama anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Alipanda bodaboda kuelekea Pasiansi, hakuvaa helmeti. Hiace iliyokuwa mbele yao ikahamia kushoto ghafla kuwahi abiria, ikawabana, wakaanguka. Mfupa wa ugoko ukavunjika sehemu mbili. Watu wa hiace walipofika wodini hoja yao ilikuwa moja tu: "Mama hukuvaa helmeti, umevunja sheria, huna pa kudai."

Jamani, mguu ndio umevunjika. Helmeti ingezuia nini?

Hili si swali la kijiweni, ndilo swali ambalo mahakama inauliza. Uzembe wako unahesabika pale tu unapohusiana na ajali yenyewe au na jeraha unalodai. Uingereza waliliweka wazi mwaka 1975 katika kesi ya Froom dhidi ya Butcher, kuhusu mkanda wa gari: kama mkanda ungezuia jeraha lote, punguza asilimia 25, kama ungepunguza ukali wake, punguza 15, kama usingesaidia chochote, usipunguze hata senti. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini zinaruhusiwa kuuangalia kama mwongozo, na mantiki yake mtu yeyote anaielewa. Yule mama angeumia kichwa, hoja ya helmeti ingekuwa na uzito. Kwa mguu, haina.

Halafu yeye alikuwa abiria. Hata kama dereva wake wa boda alikuwa anakimbia, kosa hilo ni la dereva, abiria habebeshwi. Anaweza kuwadai wote wawili, mwenye hiace na mwenye boda, mahakama ikawagawia lawama wenyewe kwa wenyewe.

Ukali wa sheria yetu uko sehemu nyingine, na huko ndiko watu wanaponyang'anywa haki bila kujua. Wewe unayedai ndiye unayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mwenzako alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba aliuvunja, na kwamba kuumia kwako kumetokana na hilo. Ni kesi ya madai, kwa hiyo unatakiwa kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya upande wa pili, si mpaka shaka yote iishe kama kwenye jinai. Lakini usipoleta ushahidi, umeshindwa.

Na pesa ulizotumia ndiyo balaa zaidi. Fidia mahususi, yaani dawa, vipimo, nauli, siku ulizokosa kipato, lazima itajwe kipengele kwa kipengele kwenye hati ya madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Mahakama ya Rufani ilisisitiza hivyo katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe (1992), na mawakili wa bima wameikariri. Maumivu na kupungukiwa raha ya maisha, hayo hakimu anakadiria mwenyewe. Lakini laki nane ya dawa bila risiti inaweza kupotea yote wakati kila mtu mahakamani anakuona unachechemea.

Tunzeni risiti. Zile za mashine huwa zinafifia maandishi, kwa hiyo zipige picha siku hiyo hiyo.

Karibuni kwa maswali na kwa wenye uzoefu.

---

Binti Sengerema

Asante sana mkuu, umenigusa. Baba yangu aligongwa na gari dogo akiwa kwenye baiskeli pale Usagara mwaka jana, nyonga ikateguka na hadi leo anatembelea fimbo. Dereva alipelekwa mahakamani, akakiri, akalipa faini. Sisi tukaambiwa kesi imekwisha. Ina maana bado kuna kitu?

---

Mzawa wa Igogo

Pole kwa mzee, dada. Kilichokwisha ni kesi ya serikali dhidi ya dereva. Ile faini imeingia serikalini, mzee hakuguswa. Madai yake ya fidia ni kesi nyingine kabisa, na hukumu ile ni silaha yenu kubwa. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, kwenye kesi ya madai hawezi kurudi akasema hakutenda kosa lile. Nendeni mahakama iliyosikiliza kesi mkaombe nakala iliyothibitishwa ya hati ya mashtaka na ya hukumu. Usikubali picha ya simu.

Muda: madai ya namna hii yana miaka mitatu tangu siku ya ajali, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Hamjachelewa. Ila nakuomba usihesabu kwamba una miaka miwili mkononi, mashahidi wanahama na namba za simu zinakufa.

Na mtafute bima ya gari lile. Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine, ile tunayoita thed pati, kwa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Ukishinda kesi dhidi ya mwenye gari, bima yake inawajibika kulipa hukumu hiyo. Muhimu iarifiwe kwa maandishi mapema, kabla hamjafungua kesi, isije ikasema haikujua. Bima inayohusika ni iliyokuwa hai siku ya ajali, si ya leo.

---

Nyakato hadi Baltimore

Wakuu, mimi ni mtoto wa Nyakato, niko Maryland miaka mingi. Nachangia kwa sababu naamini huo uongo wa "ukikosea kidogo umekosa vyote" watu wengine wanautoa mtandaoni, kwenye video za mawakili wa huku. Kwa huku ni kweli! Marekani majimbo mengi yanagawa lawama kama alivyoeleza mleta uzi, lakini Maryland, Virginia, North Carolina na Alabama bado wameng'ang'ania sheria ya zamani: hata ukiwa na asilimia moja ya kosa, unaondoka mikono mitupu.

Kuna kesi ya hapa Maryland, Coleman dhidi ya Soccer Association of Columbia. Jamaa alikuwa kocha msaidizi wa kujitolea. Mwaka 2008 akiwa kwenye mazoezi ya vijana aliruka akashika mwamba wa juu wa goli. Goli halikuwa limefungwa chini, likamdondokea usoni, mifupa ya uso ikavunjika vibaya. Baraza la wazee wa mahakama likasema: ndiyo, chama cha soka kilikuwa kizembe. Likasema pia: na yeye alikuwa mzembe kidogo kwa kuning'inia. Matokeo yake sifuri. Alikata rufaa akiomba mahakama ya juu kabisa ya jimbo iiache sheria hiyo. Mwaka 2013 ikakataa, ikasema hilo ni jukumu la bunge.

Washington DC walilegeza mwaka 2016 kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli: ukigongwa unalipwa, ilimradi lawama yako isizidi nusu. Kwa hiyo mwenye ndugu maeneo haya, mwambieni akipata ajali asiseme "samahani, sikukuona" kwa mtu wa bima kwenye simu. Wanarekodi, na sentensi hiyo inaweza kumgharimu kila kitu. Virginia na Alabama muda wa kufungua kesi ni miaka miwili, Maryland na North Carolina ni mitatu.

---

Mzawa wa Igogo

Mkuu, umefunga mdomo wa watu wengi. Niongezee asili yake. Sheria hiyo kali ilitoka Uingereza, kesi ya Butterfield dhidi ya Forrester, 1809. Mtu mmoja mjini Derby alikuwa anakarabati nyumba yake, akaweka mti ukazuia sehemu ya barabara. Mwingine akatoka kilabuni jioni akiendesha farasi kwa kasi, akaugonga, akaanguka akaumia vibaya. Mahakama ikasema angekuwa mwangalifu angeuona, basi hana madai, hata kama mwenye mti alikosea.

Sheria za Uingereza zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ndizo zilizoletwa Tanganyika, kwa hiyo ukali huo uliwahi kuwa wetu pia. Waingereza wenyewe waliuacha mwaka 1945, na sisi tukauacha tukiwa bado chini yao. Anayekutisha nao leo pale Igoma anatumia sheria iliyokwisha kuzikwa hapa.

---

Mwenye Hiace Mbili

Mleta uzi, mimi ni mmiliki, na nitasema ukweli wangu. Mnatuona kama majambazi. Boda anakatiza kulia, kushoto, anabeba mishikaki, abiria anashukia upande wa barabara, ajali ikitokea wa kulipa ni mwenye gari. Ile karatasi mnayoilalamikia wakati mwingine ni huruma. Mimi nimewahi kumlipia mtu matibabu kwa moyo safi, dereva wangu hakuwa na kosa.

---

Mzawa wa Igogo

Ndugu, nakuheshimu kwa kuja kusema, na wa aina yako wapo. Kumsaidia mgonjwa si tatizo, msaidie. Tatizo ni kumwekea sentensi ya kufuta madai yote wakati yuko kitandani, ana njaa ya pesa ya dawa, na hajui kama mguu utapona.

Nikuulize: bima unalipia kila mwaka, ni ya nini? Kumlipa mtu wa tatu ni kazi waliyopokea pesa yako waifanye. Unapomalizana kimya kimya unabeba mzigo wao, na ukikiri kosa bila idhini yao unaweza kuwapa sababu ya kukukimbia, maana mikataba mingi ya bima inakataza. Ajali ikitokea, waarifu kwa maandishi mara moja, waache wao wapambane na madai. Na hayo ya boda kukatiza, mishikaki, yote ni utetezi halali kwako. Yataje, leta shahidi, hakimu atapunguza fidia. Kugawa lawama kunakulinda hata wewe.

---

Zamu ya Usiku

Mimi ni tabibu, kituo sisemi. Naomba kugusia PF3, ile fomu ya polisi ambayo hospitali inajaza majeraha, kwa sababu kesi nyingi zinafia pale.

Mgonjwa wa dharura tunampokea kwanza, ndugu mmoja akimbie polisi kuchukua PF3. Ikishafika, mhudumu aandike majeraha YOTE. Tunaona fomu imeandikwa "mvunjiko mguu wa kulia" basi, kumbe mgonjwa alilalamika pia bega na kizunguzungu. Miezi sita baadaye bega limeganda, upande wa pili unauliza: mbona halipo kwenye fomu? Kwa hiyo mwambie daktari kila kinachouma, hata kama unaona ni kidogo, na mwombe aandike. Filamu za eksirei ziombeni mkae nazo. Na msiharakishe kukubaliana fidia kabla ya daktari kutoa tathmini ya ulemavu wa kudumu. Mfupa unaweza kuunga ukiwa umepinda, nyonga ikasumbua baadaye. Kabla ya hapo hakuna anayejua hasara yako ni kiasi gani.

---

Mzawa wa Igogo

Nakazia kila neno la daktari. Kwa upande wa trafiki, fuatilia mchoro wa eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari, ile PF93. Kama breki zilikuwa mbovu, inaonekana humo. Waulize mapema, faili likishafungwa kulipata ni kazi.

Wale ambao kipato chao hakina hati ya mshahara, msikate tamaa. Yule mama wa dagaa tulichukua taarifa ya miamala ya simu yake, pesa alizokuwa akituma Ukerewe na Goziba kununua mzigo, pamoja na daftari lake la wateja. Dereva wa boda aliyeumia alete daftari la hesabu anayopeleka kwa tajiri wake kila siku, na tajiri aje kutoa ushahidi.

---

Kijana wa Ilemela

Mkuu, vipi kazini? Mshikaji wangu yuko kiwanda cha minofu ya sangara. Kisu kilimteleza, mshipa wa kidole ukakatika, kidole hakikunji tena. Msimamizi anasema alikuwa hajavaa glavu ya chuma, ni uzembe wake, kampuni haihusiki. Kampuni siitaji.

---

Mzawa wa Igogo

Huyo hata asianze na habari ya nani mzembe. Kuumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata shilingi, na fidia inalipwa bila kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Uzembe wa kawaida wa mfanyakazi haumnyimi. Kinachoweza kuleta shida ni utovu mkubwa wa makusudi, na kusahau glavu si huko.

Kuna matibabu, kuna malipo ya ulemavu wa muda ya asilimia 70 ya mshahara hadi miezi 24, na ulemavu wa kudumu kama hicho kidole unafanyiwa tathmini peke yake. Sharti ni taarifa itolewe ndani ya miezi 12. Msimamizi akigoma kujaza fomu, aende mwenyewe ofisi ya WCF hapa Mwanza, awe na kitambulisho cha kazi na karatasi za hospitali.

---

Kijana wa Ilemela

Imebaki miezi mitatu ifike hiyo 12. Namwambia leo leo.

---

Karabai

Na sisi wa mtumbwini? Hatuna mkataba, tunagawana tu mauzo na tajiri. Mwenzetu alikatwa na panga la injini huku visiwani.

---

Mzawa wa Igogo

Kukosa karatasi hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Sheria inaangalia uhusiano wenyewe: nani anatoa amri, vifaa ni vya nani, unamfanyia kazi yeye peke yake au hapana. Mtumbwi, injini na nyavu vikiwa vya tajiri, na yeye ndiye anayeamua mwende wapi na lini, una hoja nzuri ya kuitwa mwajiriwa. Na kama injini ilitolewa kinga yake akawaambia muende hivyo hivyo, kuna madai ya uzembe dhidi yake moja kwa moja. Andikeni majina ya waliokuwa mtumbwini usiku ule kabla hawajahamia kambi nyingine. Njoo inbox.

---

Mama Tatu, Mkuyuni

Samahani, mtoto wa miaka saba akigongwa akivuka kwenda shule? Wanasema alikimbia.

---

Mzawa wa Igogo

Mama, mtoto hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima. Wanaangalia mtoto wa umri wake angetegemewa kuwa na uangalifu gani, na wa miaka saba ni mdogo mno. Dereva anayepita karibu na shule ndiye anayetakiwa kutegemea kwamba mtoto anaweza kuchomoka. Kesi unafungua wewe kwa niaba yake. Sheria haianzi kumhesabia ukomo mpaka afikishe miaka 18, lakini usisubiri. Na kama gari ni la serikali au halmashauri, kuna notisi ya siku 90 kwanza, na kesi inaenda Mahakama Kuu. Hiyo usiifanye bila wakili.

---

Binti Sengerema

Mkuu nimerudi. Nimempata karani, nakala ya hukumu naichukua Jumatatu. Namba ya gari tunayo, na kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, nimeliona lina bima. Ila baba alishasaini karatasi ya laki mbili na nusu akiwa bado wodini. Si ndiyo basi tena?

---

Mzawa wa Igogo

Si basi. Makubaliano yanataka hiari ya kweli. Kama alidanganywa kuhusu haki yake, au alishinikizwa akiwa katika hali ile, Sheria ya Mikataba inampa nafasi ya kuyakataa, na ile laki mbili na nusu itakatwa tu kwenye atakachopata. Sikuahidi kwamba ni rahisi, watabishana. Ndiyo maana nataka tarehe: siku aliyolazwa, siku ya upasuaji, siku aliyosaini, dawa gani za maumivu alikuwa anapewa, na nani alikuwa kando ya kitanda. Cheti cha kuruhusiwa hospitali kitaonyesha mengi ya hayo.

Njoo Jumatatu ukitoka kwa karani. Nitakukutanisha na wakili anayechukua kesi za msaada wa kisheria, atatazama kama tuanze na barua ya madai kwa bima au twende mahakamani moja kwa moja. Kwa kiwango cha madai kama haya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi inatosha. Mzee usimsumbue kuja, fimbo na ngazi zetu haviendani. Ila mwambie yule jirani aliyemnyanyua barabarani siku ile aanze kukumbuka gari lilitokea upande gani, na akuandikie kwa mkono wake mwenyewe.